HIMA, MIFUGO NA UDONGO WA DODOMA: JE, KUFUNGA MALISHO NI DHULMA?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeitandaza ardhi na akateremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Katika darsa yetu ya baada ya Isha hapa Chang'ombe, Dodoma, tulifika katika mlango wa ihyaul mawat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa, katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi. Ni mlango ambao wanafunzi wengi huupita mbio. Wanauona ni habari za jangwa la Waarabu wa kale, hauna nyama kama mlango wa ndoa au wa mirathi. Usiku ule kijana mmoja wa Kirangi, mtu wa milima ya Kondoa, akauliza: "Sheikh, mwaka 1979 mifugo yote ilitolewa kwetu. Babu yangu mpaka anafariki alikuwa akisema amedhulumiwa. Na sasa kijijini wanataka kuufunga tena mlima, na imamu wetu ameombwa atangaze baada ya swala ya Ijumaa. Je, atangaze au anyamaze?"

Sikumjibu usiku ule. Mtu anayejibu suala la mali za watu kabla ya kulitazama anajitia hatarini. Makala haya ndiyo jibu, na nimeyaandika kwa ajili yake na kwa maimamu wengine wa kanda hii ya kati ambao wataulizwa suala hilo hilo, kama hawajaulizwa bado.

ARDHI TATU

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa uongofu na elimu aliyotumwa nayo kwa mvua nyingi iliyonyesha juu ya ardhi. Kipande kimoja kilikuwa kizuri, kikanywa maji na kuotesha majani mengi. Kipande cha pili kilikuwa kigumu, hakikuotesha, lakini kiliyashika maji, watu wakanywa, wakanywesha na wakamwagilia. Cha tatu kilikuwa tambarare tupu: hakikushika maji wala hakikuotesha majani. Wanazuoni wameisherehesha hadithi hii kwa upande wa elimu, na hayo ndiyo makusudio yake. Lakini mfano hupigwa kwa kitu ambacho msikilizaji anakijua. Masahaba walipoambiwa kuhusu ardhi tatu walizijua kwa macho yao. Sisi tunaoishi juu ya ardhi hizo hizo tunaisoma hadithi kwa irabu zake, wala hatuangalii chini.

Basi tuangalie. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Udongo mwekundu wa miinuko yetu umetokana na majabali ya matale. Una mchanga mwingi, mfinyanzi kiasi, na mboji kidogo sana. Ukiwa chini ya kichaka au nyasi, udongo huu hunywa maji vizuri, nao ni ile ardhi ya kwanza. Chini mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Huo hushika maji mpaka gari likwame. Sidai kwamba hadithi imekusudia mbuga za Ugogo, ila mwenye kuziona ataelewa maana ya ardhi inayoyazuia maji juu yake.

Ardhi ya tatu ndiyo inayonishughulisha. Katika hadithi, tambarare tupu imetajwa kana kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Kwetu sisi mara nyingi sivyo. Ardhi yetu ya tatu ni ile ya kwanza iliyovuliwa nguo.

Jambo lenyewe huenda hivi. Mvua ya kwanza ya Desemba huja kwa nguvu, na tone lake ni zito. Likikuta jani, nguvu zake huvunjika, maji yakateremka taratibu. Likikuta udongo mtupu, huupiga kama nyundo. Chembe ndogo huruka na kuziba vitundu vya udongo, na jua likiwaka siku ya pili panakuwa na ganda gumu, jembasi halipenyi na mbegu haichomozi. Mvua inayofuata haiingii tena. Huteleza juu ya ganda, hukusanyika katika vijia vya ng'ombe, na kijia cha mwaka huu ndicho korongo la miaka kumi ijayo.

Haya yalipimwa zamani, na karibu na sisi. Miaka ya 1930, kule Mpwapwa, mtafiti wa enzi ya Mwingereza aitwaye Staples alitenga viwanja vidogo kwenye mteremko mdogo, akapima maji na udongo uliotiririka kutoka katika kila kimoja. Katika kiwanja kitupu nusu nzima ya mvua ilikimbia, na tani 146 za udongo kwa hekta zikaondoka kwa mwaka. Hiyo ni kama sentimita moja ya udongo, na sentimita moja huchukua umri wa watu wengi kutengenezwa. Katika kiwanja kilicholimwa nafaka ilikimbia robo ya mvua pamoja na tani 78. Penye nyasi yalikimbia maji yasiyofika sehemu mbili katika mia. Penye kichaka kisichoguswa na mifugo hayakufika hata sehemu moja katika mia, na udongo haukuondoka. Mteremko ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni kilichokuwa juu ya udongo.

Kwa hiyo mtu anapolalamika hapa kwetu kuwa mvua zimepungua, huenda anasema kweli. Lakini kwanza ajiulize ile iliyonyesha imekwenda wapi. Inawezekana amepewa na Mola wake milimita 600, na shamba lake limepokea 300.

Watawala nao waliudharau udongo huu wakaumia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapo Kongwa, wakaleta matrekta na fedha nyingi. Mvua haikuwatosha, na udongo wenye mchanga na mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, ukala majembe ya chuma. Mwaka 1951 mradi ukaachwa.

KONDOA

Milima ya Kondoa Irangi inajulikana duniani kwa wanaosoma mambo ya mmomonyoko. Makorongo yake ni ya kutisha. Mtu anaweza kusimama ndani na asionekane, na nyumba nzima ikaingia. Watafiti waliochunguza mashapo ya udongo huko wamegundua kwamba mmomonyoko wa milima ile ni wa kale sana, kabla ya mkoloni na kabla ya makabila yaliyopo sasa. Nalitaja hilo kwa uadilifu, ili asije mtu akawalaumu Warangi peke yao kwa jambo ambalo mteremko na aina ya udongo vilikwishaliandaa. Hata hivyo, katika karne ya 20 mambo yalizidi. Watu waliongezeka, vichaka vilifyekwa, mifugo ikawa mingi kuliko nyasi. Mwingereza alijaribu kuchimbisha matuta kwa amri, na watu waliyachukia kama walivyoyachukia Waluguru hadi kufikia ghasia za 1955. Uhuru ulipokuja, mengi ya matuta hayo yaliachwa.

Mwaka 1973, mwaka ule ule ambao chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Miaka ya mwanzo walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini mifugo iliendelea kupita juu ya kazi hiyo. Ndipo mwaka 1979 uamuzi mkubwa ukafanyika: mifugo yote, karibu 90,000, itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mwaka 1986 Mvumi nako kukafungwa.

Matokeo kwa ardhi hayana ubishi. Nyasi zilirudi katika muda wa miaka michache, miti ikachipua kwenye visiki vyake bila kupandwa, makorongo mengi yakatulia, na mito ya mchanga iliyokuwa ikitanuka kila mwaka ikaanza kubana, watu wakalima kando zake. Ardhi iliyohesabiwa kuwa imekufa ikahuika, na aliyeihuisha ni Allah. Binadamu walichofanya ni kuondoa kwato juu yake.

Matokeo kwa watu yalikuwa ya namna mbili. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na jamaa au rafiki nje ya eneo, akawapeleka huko, na mali yake ikabaki mali. Mwenye ng'ombe wawili hakuwa na pa kuwapeleka wala mtu wa kuwafuata. Babu wa kijana wetu alikuwa katika kundi hili. Kwa maelezo ya mjukuu wake, aliwauza kwa haraka kwa mchuuzi wa kwanza aliyefika, na kuanzia hapo nyumba haikuwa na maziwa wala shamba halikuwa na samadi. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa bandani, wa kukata majani na kuwapelekea, ulikuja kuruhusiwa karibu miaka kumi baadaye, na hapo tena aliyeweza kununua ng'ombe wa kisasa ni mwenye nacho.

Tukiyajua haya tunaweza kukifungua kitabu.

MAANA YA HIMA

Neno himaa la Kiarabu lisichanganywe na "hima" yetu ya Kiswahili yenye maana ya haraka. Ndugu yake ni "himaya". Ni ardhi isiyo na mwenyewe ambayo mtawala anaizuia isichungwe na kila mtu kwa ajili ya maslahi maalumu. Kabla ya Uislamu, kama alivyosimulia Imam Shafi'i, mkubwa wa Kiarabu alipofika mahali penye malisho mazuri alimpandisha mbwa wake mlimani akambwekesha. Ilipofikia sauti ya mbwa, pande zote, ndipo palipokuwa pake peke yake, na nje ya hapo alichunga pamoja na wengine. Yaani cha kwake ni chake na cha wote ni chake pia.

Mtume (s.a.w.) akalifuta hilo. Katika hadithi ya as-Sa'b bin Jaththama (r.a.) iliyopokewa na Bukhari, alibainisha kuwa hakuna hima isipokuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud imekuja kwamba Waislamu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, majani na moto. Hii ndiyo asili: malisho ni ya wote. Ukitaka kuyafunga, wewe unayefunga ndiye unayedaiwa dalili.

Kisha imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) aliifunga an-Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Umar (r.a.) akazifunga ash-Sharaf na ar-Rabadha. Maimamu wa madhehebu yetu ya Shafi'i wakatofautiana kama mtawala aliyekuja baada ya Mtume ana haki hiyo. Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameitaja kauli yenye nguvu zaidi: inafaa mtawala kufunga kipande cha ardhi mawati ili wachungwe humo wanyama wa jizya na wa sadaka, wanyama waliopotea, na wanyama wa mtu aliye dhaifu, asiyeweza kusafiri mbali kutafuta malisho. Akaongeza kuwa mtawala anaweza kuifungua tena haja ikitokea, na kwamba hafungi kwa ajili ya nafsi yake.

Naomba msomaji arudie maneno ya mtu dhaifu asiyeweza kusafiri mbali. Katika fiqhi yetu, dhaifu ni mmoja wa wale ambao hima inafungwa kwa ajili yao. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya amelifafanua zaidi: haifai kuifunga ardhi mawati yote au sehemu yake kubwa, wala haifai kufunga sehemu kwa ajili ya watu makhsusi au matajiri.

MAAGIZO YA UMAR KWA HUNAYY

Bukhari na Malik wamepokea kwamba Umar (r.a.) alimweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kuwa mwangalizi wa hima, akampa maagizo ambayo kila mwenyekiti wa kijiji na kila bwana misitu angefaa kuyasoma. Alimwambia awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani dua hiyo hujibiwa. Amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan.

Ibn Auf ni Abdurrahman, na Ibn Affan ni Uthman, wote wawili miongoni mwa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwazuia kwa ubaya wao. Alieleza sababu: mifugo ya hawa ikifa, watarudi kwenye mitende na mashamba yao. Ama yule maskini, mifugo yake ikifa atamjia Khalifa na watoto wake akimlilia, je, amwache? Maji na majani, akasema, ni mepesi kwake kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Kisha akakiri kwamba watu wale wanamwona amewadhulumu, kwani ni nchi yao, waliipigania wakati wa ujahiliya na wakasilimu juu yake; akaapa kuwa lau si wale wanyama anaowapandisha watu katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingewafungia hata shubiri moja.

Hapa pana mambo mawili ambayo sijayaona yakitajwa tunapozungumzia Kondoa.

La kwanza ni kwamba Umar hakuwaambia wenye nchi wanyamaze kwa kuwa yeye ni kiongozi. Alikiri uzito wa malalamiko yao. La pili ni hesabu yake. Kwa Umar, majani aliyoyaruhusu kwa maskini yalikuwa ni njia rahisi ya kulipa deni ambalo vinginevyo lingelipwa kwa dhahabu na fedha. Tukiigeuza hesabu hiyo tunapata hukumu: kiongozi akilazimika kumzuilia maskini majani, basi dhahabu na fedha zimemthibitikia. Deni halifutiki kwa sababu njia rahisi imezibwa.

Najua mwanafunzi makini atanipinga. Atasema: hima ya Umar ilifungwa ili wanyama fulani wale, na Kondoa ilifungwa ili mnyama yeyote asile. Vipi unavilinganisha? Pingamizi hili ni la haki. Kondoo wawili wa maskini na kondoo mia mbili wa tajiri katika ar-Rabadha walitofautiana kwa wingi tu wa majani wanayokula. Katika mteremko wenye ganda na korongo changa hata mbuzi mmoja anayekula chipukizi la kisiki anaturudisha nyuma. Jibu langu ni kwamba sababu ya hukumu katika hima ni kuuzuia umma kitu chake kwa maslahi ya umma wenyewe, na hiyo ipo katika sura zote mbili. Bali katika sura ya pili ina nguvu zaidi, kwani kanuni ya fiqhi ni kuwa kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuleta manufaa, na ardhi inayokwenda na maji ni madhara kwa aliyehai na kwa ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo kufunga kunafaa. Lakini kwa kuwa ruhusa ya kumwingiza mnyama wa dhaifu haiwezekani, haki yake inahamia mahali pengine: apewe kwanza yeye majani ya kukatwa, apewe kwanza yeye ng'ombe wa bandani, au alipwe. Haki haihami kwenda hewani.

JIBU LA SUALA

Basi tulipime la mwaka 1979. Kwa upande wa kufunga, maslahi yalikuwa ya kweli na yameonekana kwa macho. Kwa upande wa ukubwa, eneo lile lilikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya wilaya ya Kondoa kama ilivyokuwa kabla ya Chemba kutengwa, kwa hiyo sharti la al-Mawardi halikuvunjwa kwa hesabu ya wilaya. Ingawa kwa mtu wa mlimani, ambaye wilaya yake ni pale anapoweza kufika kwa miguu, ilikuwa ni yote. Kwa upande wa dhaifu, amri ilikuwa moja kwa mwenye wawili na mwenye mia mbili, na hapo ndipo ilipoachana na mwenendo wa Umar. Nimemwambia kijana kuwa babu yake hakukosea kuona uchungu. Kufungwa kwa mlima hakukuwa dhulma. Kuachwa kwake yeye bila badali ndiko kulikokuwa na dhulma.

Wapo watakaosema kuwa maneno ya hima yanamhusu Imamu wa Kiislamu, na serikali yetu haina dini. Tunajibu kuwa Muislamu anayeishi katika nchi kwa makubaliano anawajibika na amri isiyo na maasi ndani yake na yenye maslahi ya wazi kwa watu wote. Tena, sheria ndogo za kijiji zinapitia katika mkutano mkuu wa kijiji, na Waislamu wamo humo. Asiyehudhuria mkutano kisha akachungia usiku ndani ya eneo lililofungwa hana hoja ya kwamba hakushauriwa.

Na huyo anayechungia usiku, je, hukumu yake ni nini? Ikiwa anajua katazo na maslahi yake, anapata dhambi kwa kuwadhuru wenzake, kwa ile hadithi mashuhuri ya kutodhuru wala kulipiza dhara. Lakini mlinzi naye asizidishe. Maimamu wetu wamesema kuwa mwenye uwezo akiingiza wanyama ndani ya hima atazuiwa na kutolewa, wala halipi gharama ya majani, kwa sababu asili ya majani yale ni ya wote. Faini iliyowekwa na mkutano wa kijiji kwa ajili ya kuadabisha ni suala jingine, na inafaa ikiwa ni ya wastani na inaingia katika mfuko wa kijiji. Kumshikilia mbuzi wa mjane mpaka afe njaa zizini hakuna mlango wake katika fiqhi.

Sasa imamu wa Kondoa. Atangaze, lakini kabla ya kupanda mimbari aulize mambo matatu kwa viongozi wa kijiji. Kwanza, ni kipande gani kinafungwa na kipi kinabaki wazi? Pili, ni nani ambao hawana pa kupeleka wanyama wao, na wameandaliwa nini? Tatu, itafunguliwa lini na nani ataamua, maana Nawawi ameiacha hima iwe ni kitu cha kufunguliwa haja ikitokea, na iliyofungwa milele bila kuangaliwa watu wataifungua wenyewe kwa panga. Ndivyo ilivyokuwa Kondoa: msaada wa Sweden ulipokwisha mwaka 1996 ulinzi ulilegea, na mifugo ikaanza kurudi kidogo kidogo. Akipata majibu, atangaze na awe wa kwanza kuwafunga mbuzi wake. Asipopata, jambo lake ni kusimama katika mkutano na kuuliza hadharani. Mimbari haikuwekwa kwa ajili ya kusoma barua za ofisi.

Kuna mfano mwingine wa karibu ambao napenda aupeleke kijijini. Wasukuma wa Shinyanga wana desturi ya kale iitwayo ngitili, ya kuacha sehemu ya malisho ikue wakati wa masika ili mifugo ile wakati wa kiangazi, nyingine za mtu binafsi katika ardhi yake na nyingine za kijiji. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa huko, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliijengea juu desturi hiyo badala ya kuwafukuza ng'ombe, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Ya mtu binafsi haiingii katika katazo la hima ya kijahiliya, kwani hakufunga cha wote, amefunga cha kwake. Milima ya Kondoa ni mikali kuliko tambarare za Shinyanga, na kilichofaa huko huenda kisifae kila mahali hapa. Lakini wazo la kufunga kwa msimu, kwa uamuzi wa wenyewe, liko karibu zaidi na moyo wa watu.

ANAYEIUA ARDHI YAKE

Katika darsa ile liliulizwa pia suala dogo ambalo kwa sisi wa mjini ni kubwa. Je, shamba likiliwa na korongo, mwenyewe anapoteza haki, na mwingine anaweza kulihuisha likawa lake? Kwa madhehebu yetu, hapana. Ardhi iliyokwisha kuwa na mwenyewe anayejulikana hairudi kuwa mawati kwa kuharibika. Wanazuoni wa Maliki wana kauli kwamba iliyopatikana kwa kuhuishwa ikiachwa mpaka ikarudi ilivyokuwa, mwingine anaweza kuihuisha. Kwa hapa Tanzania sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini, kwa hiyo asije mtu na Minhaj mkononi akaanza kujikatia viwanja.

Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Nawawi ametaja katika mlango huo huo kwamba kila mwenye milki huitumia kwa mujibu wa ada, na akivuka mpaka anadhamini. Anayelima kwa kufuata mteremko, matuta yakitazama chini, akampelekea jirani maji yaliyolundikana. Anayechimba mchanga wa kujengea kwenye kingo za korongo mpaka uzio na choo cha jirani vikaning'inia. Hawa hawawezi kusema "ni kwangu". Ada inayozingatiwa ni ya watu wenye akili wa mahali hapo, na kila mtu wa Chang'ombe anajua mvua ya Januari inafanya nini kwenye kingo iliyochimbwa. Aliyechimba analipa alichobomoa.

Kijana ameondoka na nakala ya majibu haya pamoja na yale masuala matatu, na amesema atayafikisha kwa imamu wake kabla ya mkutano wa kijiji. Katika darsa ijayo, inshaallah, tutaendelea na mlango huo huo katika haki za maji: nani hutangulia kunywesha, wa juu au wa chini, na maji hushikwa hadi kufikia wapi.

Wallahu a'lam.